Kuujibu Moyo: Historia ya Malezi ya Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu

Kila anayemtunza mzee aliyepotewa na kumbukumbu huja siku akaulizwa swali moja, na mara nyingi huulizwa jua linapokuchwa: "Mama yuko wapi?" Muulizaji ana umri wa miaka 85, na mama anayemtafuta alizikwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Mbele ya swali hilo njia ni tatu. Ya kwanza ni kusema kweli: mama alikwishafariki. Ya pili ni kusema uongo: mama katoka kidogo, atarudi. Ya tatu ni kuyaacha maneno ya swali na kuiendea haja iliyolileta. Je, ni upweke? Ni hofu ya giza? Ni kutaka kushikwa mkono na mtu anayemjua? Historia ya utunzaji wa watu wenye maradhi ya usahaulifu, yale ambayo madaktari huyaita demensia, yaweza kuandikwa yote kuwa ni historia ya majibu hayo matatu, na ya watu walioshindana kwa hoja juu ya lipi kati yake linastahiki kuitwa utu.

Aghalabu historia hiyo huanziwa Ujerumani. Tarehe 25 Novemba 1901 mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alipokewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Kesho yake daktari Alois Alzheimer aliketi naye akaanza kumwuliza. Jina lake nani? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Mumewe anaitwaje? Akasita, kisha akalitaja jina lile lile, la kwake mwenyewe. Alipotakiwa aandike jina lake, alianza, akasahau kilichokuwa kikitakiwa, akakwama. Daktari aliyaandika yote, na miongoni mwa aliyoyaandika imo kauli ya mgonjwa kwamba amejipoteza yeye mwenyewe.

Auguste alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa München, alikokuwa amehamia Alzheimer, naye akautazama kwa hadubini. Akakuta vibonge vilivyoganda baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mwezi Novemba mwaka huo huo aliyaeleza hayo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen, na mwaka 1910 mkubwa wake, Emil Kraepelin, akayaingiza maradhi hayo katika kitabu chake cha tiba ya akili kwa jina la Alzheimer. Jalada lenye mahojiano na Auguste likapotea machoni pa watu hadi lilipopatikana tena huko Frankfurt mwaka 1995. Hivyo, kwa karibu karne nzima, utabibu ulikuwa na nusu moja tu ya alichokiacha daktari yule. Dunia ikauchukua ubongo, ikaiacha kauli.

Si kwamba hapakuwa na sauti nyengine. Katika miaka ya 1930, huko Massachusetts, Marekani, daktari David Rothschild alilinganisha bongo za wazee waliofariki na hali zao walipokuwa hai, akaona kuwa vitu hivyo viwili havilingani daima. Wapo walioharibika sana ubongo na wakaishi kwa utulivu, na wapo walioharibika kidogo na wakavurugika vibaya. Rothschild akahoji kwamba maisha ya mtu, misiba yake, tabia yake na namna anavyotendewa, navyo ni sehemu ya ugonjwa. Sauti hiyo ilifunikwa, khasa baada ya mwaka 1968, pale Blessed, Tomlinson na Roth walipoonesha mjini Newcastle, Uingereza, kwamba wingi wa vile vibonge katika ubongo unakwenda sambamba na ukali wa upotevu wa akili. Utafiti wao ulikuwa wa kweli na wenye faida kubwa. Lakini wodini watu waliusoma kwa namna yao: ikiwa ubongo umeoza, basi kinachotoka kinywani mwa mzee ni takataka za ubongo uliooza, na hakuna haja ya kukisikiliza.

Ili kuuelewa uzito wa fikra hiyo, yafaa mtu azijue wodi zenyewe. Katikati ya karne ya 20, huko Ulaya na Marekani, wazee wengi waliopotewa na kumbukumbu waliwekwa katika hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Viti vilipangwa kando ya kuta, na wazee wakaketishwa humo tangu asubuhi hadi usiku. Waliotangatanga walifungwa mikanda. Waliopiga kelele walipewa dawa. Kazi ya mwuguzi ilikuwa kuwalisha, kuwaosha na kuwazuia wasianguke. Kuzungumza nao hakukuhesabiwa kuwa kazi.

Katika hali kama hiyo, jibu la kwanza, la kusema kweli, lilikuja likiwa rehema. Mwaka 1958 daktari James Folsom alianza, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Topeka, Kansas, mpango wa kumrejesha mzee katika uhalisia, na katika miaka ya 1960 aliukamilisha huko Tuscaloosa, Alabama, pamoja na mwuguzi Lucille Taulbee. Ukutani palitundikwa ubao wenye jina la mahali, siku, tarehe, hali ya hewa na chakula kinachofuata. Kila mfanyakazi, tangu daktari hadi mfagizi, alitakiwa amwite mzee kwa jina lake, amkumbushe alipo na amsahihishe kwa upole akikosea. Kwa mara ya kwanza watu wote wa wodini walikuwa na sababu ya kuzungumza na wale waliokuwa wameachwa kimya. Mpango ukaenea Marekani na Uingereza, nao unastahiki kukumbukwa kwa heshima.

Hata hivyo, ulikuwa na doa, na doa hilo lilionekana pale swali la mama lilipoulizwa. Mwuguzi aliyefunzwa kusema kweli alijibu kwamba mama alikwishafariki, na mzee akalia kilio cha mtu anayepokea habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Baada ya robo saa akauliza tena. Huyu si mtu aliyefiwa mara moja akapewa muda wa kufarijika. Ni mtu anayefiwa kila siku, na anayemletea msiba ni yule yule aliyeajiriwa amtunze. Wengine hawakulia bali walikasirika, wakamwita mwuguzi mwongo, wakapigana. Tarehe ilikuwa sahihi ubaoni, na mzee alikuwa katika mateso.

Aliyeliona jambo hilo mapema alikuwa mwanamke aliyekulia miongoni mwa wazee. Naomi Feil alizaliwa München mwaka 1932, katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi ikaishia Marekani. Baba yake alikuwa msimamizi wa makao ya wazee ya Montefiore mjini Cleveland, Ohio, na familia iliishi mumo humo. Kwa hivyo Feil hakuwajua wazee kupitia vitabuni. Walikuwa majirani na marafiki wa utoto wake. Alisomea ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, akarejea Cleveland mwaka 1963 kufanya kazi na wale ambao wenzake walikuwa wamewakatia tamaa. Mwanzoni naye alijaribu kuwarejesha katika uhalisia. Aliacha, kwa sababu aliona kuwa kila alipowavuta kuja kwake walizidi kujificha.

Kati ya mwaka 1963 na 1980 Feil alijenga njia aliyoiita uthibitishaji, yaani kuithibitisha hisia ya mzee kuwa ni ya kweli hata kama habari anayoitoa si ya kweli. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1982. Aliamini kuwa mtu aliyefikia uzee wa mwisho ana kazi moja iliyobaki: kuyamaliza yaliyobaki bila kumalizwa, hasira iliyomezwa, kilio kilichozuiwa, mapenzi yasiyotamkwa. Akili inapolegea, kufuli linalegea pia, na yaliyofungiwa hutoka. Mzee anayemtafuta mama yake hajakosea njia. Ameshika njia ya zamani kwa sababu haja ya leo inafanana na haja ya wakati ule.

Mbinu alizozifundisha ni nyepesi kuzieleza na nzito kuzitenda. Mtunzaji aanze na nafsi yake: avute pumzi, aiweke kando hasira na haraka yake, kwani mzee husoma uso kabla ya kusikia neno. Aulize nani, nini, wapi, lini na vipi, lakini asiulize kwa nini, maana hilo linadai sababu, na sababu ndiyo iliyopotea. Ayarudie maneno muhimu ya mzee kwa mdundo ule ule. Neno likimponyoka mzee, mtunzaji atumie "yeye" au "kile" ili mazungumzo yasikatike. Kwa aliyekwishakwenda mbali, amguse shavu, amtazame machoni, aige mwendo wa mkono wake, amwimbie wimbo wa utoto wake. Basi mzee akimtaka mama, haambiwi kuwa mama amekufa, wala haambiwi kuwa mama anakuja. Huulizwa: mama yukoje? Alikuwa akipika nini? Unamkosa sana? Na baada ya dakika chache yule aliyekuwa akitikisa mlango huwa ameketi, anasimulia.

Feil alisisitiza jambo ambalo wengi waliomfuata walilisahau: uthibitishaji si kukubaliana. Alikataa kuwadanganya wazee, kwa kuwa aliamini kwamba mahali fulani ndani yao wanaijua kweli, na siku moja watamtambua aliyewalaghai. Aliifundisha njia yake Marekani na Ulaya kwa miongo mingi, hadi alipofariki mwaka 2023.

Ng'ambo ya bahari, Mwingereza mmoja alilifikia jambo lile lile kwa mlango wa falsafa. Tom Kitwood, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa kasisi, na aliwahi kufundisha skuli nchini Uganda, kabla hajawa mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Bradford. Mwaka 1992 akaanzisha hapo kundi la utafiti wa demensia, na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichobadilisha lugha ya fani nzima, "Dementia Reconsidered". Mwaka uliofuata akafariki. Kitwood alikataa kumwita mtu kwa ugonjwa wake. Alitaka neno "mtu" liandikwe kwa herufi kubwa na neno "demensia" kwa herufi ndogo, kwa kuwa katika hospitali alizozitembelea aliona kinyume chake. Na utu, kwa maelezo yake, si mali iliyofichwa kichwani ambayo ugonjwa unaweza kuiiba. Utu ni hadhi ambayo watu hupeana wanapoishi pamoja. Msomaji aliyelelewa kwa methali ya "mtu ni watu" hatashangazwa na fikra hiyo. Huenda atashangazwa tu kuwa Ulaya ililazimika kuigundua upya.

Kutoka hapo Kitwood akageuza macho, akawatazama wazima badala ya wagonjwa. Akaorodhesha njia 17 ambazo watunzaji, wengi wao watu wema wasiokuwa na nia mbaya, huzitumia kuuvunja utu wa mtu bila kujua: kumhadaa ili atii, kumfanyia awezayo kuyafanya, kumsemesha kama mtoto, kumharakisha, kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, kukanusha anachokihisi, kumtenga, kumkejeli. Akaonesha kuwa sehemu ya kile kinachoitwa kudidimia kwa mgonjwa ni kazi ya mazingira hayo wala si ya ubongo peke yake. Kisha akataja haja tano za kila mtu: faraja, kushikamana na mwengine, kuwamo katika kundi, kuwa na shughuli na kujijua. Katikati ya hizo akaiweka moja inayozikusanya zote, nayo ni kupendwa. Ili yasibaki maneno matamu, yeye na Kathleen Bredin walitunga namna ya kuyapima: mtazamaji huketi ukumbini kwa saa kadhaa, na kila dakika 5 huandika mzee anafanya nini na yuko katika hali gani, akijitahidi kukiona chumba kwa macho ya mzee mwenyewe. Katika karatasi hizo yalidhihirika yale ambayo ripoti za hospitali hazikuwahi kuyaandika, kwamba mtu aweza kukaa asubuhi nzima katika chumba kilichojaa watu asisemeshwe hata mara moja.

Je, sayansi ya ubongo iliyapinga hayo? La. Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alisimulia habari ya mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu kwa maradhi mengine, yasiyokuwa ya Alzheimer. Kila alipomwona daktari alimsalimu kama mgeni. Siku moja Claparède alificha pini baina ya vidole vyake, akamchoma walipopeana mikono. Baadaye mwanamke yule hakukumbuka kuchomwa, lakini alikataa kutoa mkono, asiweze kueleza sababu. Tukio lilikuwa limefutika, na hofu yake ilikuwa imebaki.

Karne moja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walilipima jambo hilo kwa uangalifu. Mwaka 2010 Justin Feinstein na wenzake waliwaonesha filamu za huzuni na za furaha watu 5 ambao hipokampasi zao, yaani ile sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, zilikuwa zimeharibika. Mwaka 2014 wakalirudia kwa watu 17 wenye maradhi ya Alzheimer, wakiwalinganisha na wazima 17. Wagonjwa walisahau karibu yote waliyoyaona, lakini huzuni na furaha ziliendelea kukaa nao baada ya filamu kusahaulika. Na la ajabu zaidi, waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliobaki na huzuni kwa muda mrefu zaidi. Maana yake kwa mtunzaji ni nzito. Aliyemkaripia mzee asubuhi hawezi kujifariji kwamba mzee amesahau. Amesahau karipio, uchungu anao, na sasa hajui umetoka wapi, kwa hivyo hana njia ya kuujadili wala kuusamehe. Vivyo hivyo mjukuu aliyekuja kumtembelea babu akaondoka bila ya babu kukumbuka kuwa alikuja, hakupoteza safari yake.

Si ajabu, basi, kwamba washairi walikuwa miongoni mwa waliolipokea wazo hili mapema, kwani ufundi wao ni huo huo wa kutafuta maana pale sarufi inapovunjika. Katika miaka ya 1990 mshairi John Killick aliajiriwa kuwa mwandishi katika makao ya wazee nchini Uingereza. Aliketi na wazee waliosemwa kuwa hawana tena la kusema, akaandika maneno yao, akayapanga katika mishororo bila kuongeza lake, na kuyachapisha kwa idhini. Kitabu chake cha mwaka 1997, "You Are Words", kiliwaonesha wasomaji kwamba mtu aliyepoteza majina ya vitu huanza kusema kwa mafumbo na tashbihi, wala si kwa pambo, bali kwa sababu hizo ndizo njia zilizobaki wazi. Kwa maneno mengine, yaliyoitwa maropokwa yalikuwa yanahitaji msikilizaji aliyezoea ushairi.

Marekani nako, mwaka 1998, Anne Basting alianzisha mpango wa kutunga hadithi. Alichoshwa na kuwauliza wazee waliyokwishayasahau, akawapa picha ya ajabu na kuwataka wabuni: huyu nani, anakwenda wapi? Mtu asiyekumbuka jina la mtoto wake hawezi kukosea katika hadithi anayoitunga mwenyewe. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko New Mexico, mshairi Gary Glazner alianza kuwasomea wazee mashairi waliyojifunza udogoni, kwa mtindo wa kuitika: yeye husema mshororo, wao huurudia pamoja, mkono ukipiga mdundo. Mwenye kuzoea kiitikio cha ngoma na nyimbo za harusi ataelewa mara moja kwa nini jambo hilo hufaulu. Kiitikio hakimtaki mtu akumbuke, kinamtaka awepo. Mizani huingia mwilini mapema mno, na hutoka kwa kuchelewa.

Lakini jibu la pili, la uongo wa huruma, halikwisha hoja zake. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Oliver James alikitoa kitabu kilichoieneza njia ya Penny Garner wa Burford, Uingereza, ambayo humtaka mtunzaji asimwulize mgonjwa maswali, asimpinge, na ajifunze kuishi naye katika wakati wa zamani ambao mgonjwa anauona salama. Wengi wa familia waliishukuru. Jumuiya ya Alzheimer ya Uingereza iliikosoa, ikihofia kuwa mgonjwa anajengewa dunia ya udanganyifu na kunyimwa haki ya kuamua mambo yake. Mnamo mwaka huo huo habari zilienea za makao ya wazee ya Benrath, mjini Düsseldorf, yaliyoweka kituo cha basi mahali pasipopita basi lolote. Mzee anayetaka kwenda kwao hukiona, huketi kungoja, na baada ya muda mwuguzi huja kuketi naye na kumwalika kahawa. Na mwishoni mwa mwaka 2009 huko Weesp, Uholanzi, kilifunguliwa kijiji cha Hogeweyk, chenye duka, mkahawa, bustani na vichochoro, ambamo wenye demensia huishi katika nyumba ndogo ndogo na kutembea watakavyo ndani ya mpaka mmoja.

Wapo walioviita vitu hivyo maigizo. Shutuma hiyo haina budi kupimwa kwa haki. Duka la Hogeweyk huuza vyakula vya kweli, na vyakula hivyo hupikwa na kuliwa; kilichofichwa ni ukuta tu. Kituo cha Düsseldorf, kwa upande mwengine, ni ahadi isiyokusudiwa kutimizwa. Hata hivyo kinachomtuliza mzee pale si kibao cha basi. Ni yule anayekuja kuketi pembeni yake. Mwondoe mtu huyo, na kituo kinageuka kuwa mtego: benchi la kumngojeshea mzee ili wengine wapumzike. Hapo ndipo mpaka wa kweli baina ya jibu la pili na la tatu ulipo. Uongo unaweza kusemwa ili kumkaribia mtu, na unaweza kusemwa ili kuachana naye. Maneno yakawa yale yale, na vitendo vikawa viwili.

Linabaki suala la ushahidi, na hapa wapenzi wa njia za hisia hawana budi kusikia yasiyopendeza. Mwaka 2003 mapitio ya Cochrane yalizikusanya tafiti zilizoijaribu njia ya Feil kwa kanuni madhubuti. Zilipatikana 3 tu, zenye washiriki 116 kwa jumla, na hitimisho likawa kwamba ushahidi hautoshi kusema kuwa njia hiyo inafaa au haifai. Ni vigumu kukipima kitu ambacho nusu yake ni sauti na mkono wa anayekitenda. Lakini upande wa pili nao ulipimwa. Mwaka 2009 ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza ilikadiria kuwa watu 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa za wagonjwa wa akili kwa mwaka ili watulie, kwamba wapatao 36,000 tu ndio waliopata nafuu, na kwamba dawa hizo zilisababisha vifo 1,800 vya ziada kila mwaka. Aliyedai ushahidi kwa anayeimba hakuwa amemdai ushahidi anayechoma sindano.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa na Clive Ballard katika makao 69 ya Uingereza yenye washiriki 847. Watunzaji walifunzwa kumtazama mtu kabla ya ugonjwa na kuongeza mazungumzo na wazee juu ya mambo wanayoyapenda. Ubora wa maisha ya wazee ulipanda, fadhaa zikapungua, na gharama zikawa chini kuliko za utunzaji wa kawaida. Jina la mbinu lilibadilika tangu enzi za Feil, na madai yamekuwa ya kiasi. Lakini kiini ni kile kile.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wazee 1,198 wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukakuta kuwa asilimia 6.4 wana demensia. Wengi wa jamaa zao waliuona ugonjwa kuwa ni uzee tu. Huko huko Hai, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wazee 34 waliwekwa katika vikundi vya mazungumzo, vilivyotoholewa kutoka mpango wa London wa Aimee Spector na wenzake wa mwaka 2003. Katika vikundi hivyo watu huimba, hucheza na kuzungumza, nao huulizwa maoni yao badala ya kuulizwa tarehe, kwa sababu maoni hayawi na jibu lisilo sahihi. Hali ya akili na wasiwasi vilipata nafuu. Hakuna mashine iliyohitajika.

Ni rahisi kwa watu wa pwani na bara kujisifu hapo, na kusema kuwa wazee wao hawapelekwi makao, wanaishi na wana wao. Ni kweli kwa wengi, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuishi nyumba moja si kusikilizana. Zile njia 17 za Kitwood hazihitaji hospitali. Zatendeka hata barazani, pale mzee anapochekwa mbele ya wageni kwa kurudia neno, au anapofungiwa chumbani siku ya arusi asije akaaibisha. Tena nyumba hiyo ina mtu mmoja anayebeba mzigo wote, na aghalabu ni binti au mke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za utunzaji wa nyumbani.

Kitwood aliliona hilo pia. Aliandika kwamba mahali ambapo mtunzaji hathaminiwi, naye hatamthamini anayemtunza, hata afunzwe mbinu gani. Feil alipoweka pumzi ya mtunzaji kuwa hatua ya mwanzo, alikuwa akisema jambo hilo hilo kwa lugha ya mwili. Mwanamke aliyekesha usiku tatu mfululizo hawezi kuujibu moyo wa mtu mwengine; wake mwenyewe haujajibiwa. Atasema kweli kwa ukali au atasema uongo kwa kuchoka, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu miongoni mwa kaka na wadogo zake wanaopiga simu siku ya Ijumaa kuuliza hali. Anayetaka mzee asikilizwe, naye ashike zamu ya usiku mmoja, ili mwenye kusikiliza apate kulala.